Kususia mabasi ya Bristol, 1963: ubaguzi ambao haukuandikwa katika sheria ulivyofanya kazi, na ulivyobomolewa

Mwaka 1963 mtu mweusi aliyeishi Bristol, magharibi mwa Uingereza, alipanda basi lolote la mji, akakaa na kulipa nauli ileile aliyolipa Mzungu aliyeketi kando yake. Kazi ya kumkatia Mzungu huyo tiketi ndiyo aliyonyimwa. Kampuni ya mabasi, Bristol Omnibus Company, iliwachukua watu wa Karibi karakanani na kantini, kwa mishahara ya chini. Udereva na ukondakta ulikuwa wa weupe. Haikuwepo sheria ya nchi iliyoagiza hivyo, wala haikuwepo iliyokataza.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida hufupishwa hivi: weusi waligoma kupanda mabasi, baada ya miezi minne kampuni ikasalimu amri. Si uongo, lakini ufupisho huo unaficha kiini cha jambo. Wakaribi wa Bristol wakati huo walikuwa wapatao 3,000 katika mji wa watu zaidi ya 400,000. Hata mmoja katika kila mia hawafiki. Wangetembea kwa miguu wote mwaka mzima, na mhasibu wa kampuni asingekosa usingizi. Nauli haikuwa silaha yao kubwa. Ili kuona silaha ilikuwa ipi, tuutazame kwanza ukuta wenyewe, maana ulijengwa na mafundi wawili, na kila fundi alizoea kusema kazi ile ni ya mwenzake.

Ovataimu na azimio la 1955

Basi la mjini la miaka ile lilihitaji watu wawili: dereva usukanini, na kondakta wa kupokea nauli na kupiga kengele ya kuondoka. Mmoja akikosekana, basi halitoki mpaka apatikane wa kushika zamu yake. Mshahara wa msingi ulikuwa mdogo, na wafanyakazi walitegemea ovataimu ili wapate kipato cha kueleweka. Hapo hesabu inageuka. Upungufu wa wafanyakazi, ambao kwa meneja ni maumivu ya kichwa, kwa kondakta ni saa za ziada, na saa za ziada ni kodi ya nyumba. Kila mtu mpya anayevaa sare anazipunguza. Mwakilishi mmoja wa wafanyakazi alikiri baadaye kwamba watu waliogopa wageni wakija kwa wingi kipato chao kitashuka.

Mwaka 1955 kundi la wafanyakazi wa mabasi ya abiria ndani ya TGWU, chama kikubwa cha wafanyakazi wa uchukuzi, lilipitisha azimio kwamba watu wa rangi wasiajiriwe kuwa madereva wala makondakta. Mtu wa misheni ya kanisa viwandani alikumbuka jinsi ujumbe ulivyofikishwa: siku mtu mweusi atakapokanyaga jukwaa la basi akiwa kondakta, magurudumu yote yatasimama.

Hofu ya ovataimu ilikuwa ya kweli, ila haielezi kila kitu. Kondakta mpya kutoka Wales angekula saa zilezile, na azimio halikumtaja. Uchumi uliwapa sababu ya kuogopa watu wapya. Rangi ndiyo iliyoamua ni wapya gani wafungiwe nje. Mchambuzi anayeshika nusu moja na kuacha nyingine hukosea upande mmoja au wa pili: ama anawasafisha wafanyakazi kwamba walitafuta riziki tu, ama anawaona wana chuki isiyo na chanzo na anashindwa kueleza kwa nini ilichemka kwenye mabasi zaidi ya sehemu nyingine.

Maana Bristol haikuwa peke yake. Februari 1955, huko West Bromwich, wafanyakazi wa mabasi waligoma siku za Jumamosi kwa sababu ya Mhindi mmoja tu aliyechukuliwa kujifunza ukondakta. Mwaka huohuo Wolverhampton walikataa kufanya ovataimu, wakidai watu wa rangi wasizidi asilimia 5 ya wafanyakazi. Tofauti ya Bristol ni kwamba pale kiwango kilikuwa sifuri, na kilikaa hivyo miaka minane bila kelele.

Mpira wa mafundi wawili

Kelele zilikosekana kwa sababu hakuna aliyemiliki uamuzi. Ukiiuliza kampuni, utasikia wafanyakazi hawatakubali. Ukikiuliza chama, utaambiwa kuajiri ni kazi ya kampuni, na sera ya chama kitaifa inapinga ubaguzi. Mwombaji kazi aliyekataliwa hakuwa na pa kushika. Aliambiwa nafasi zimejaa, akaenda zake. Kesho tangazo la kazi likawa lingali gazetini.

Mwaka 1961 gazeti la mji, Bristol Evening Post, lilitoa mfululizo wa makala juu ya suala hili. Chama kikakana. Meneja mkuu wa kampuni, Ian Patey, hakukana. Aliieleza kamati ya pamoja ya uchukuzi kwamba anao ushahidi kuwa kuingiza watu wa rangi kunashusha hadhi ya kazi na kuwafukuza Wazungu waliomo. Jambo likaishia hapo. Hili ni la kuzingatia kwa anayedhani kufichua kunatosha: ubaguzi wa Bristol ulifichuliwa gazetini, mkuu akaukiri, na ukaendelea kwa miaka miwili zaidi. Kufichua bila mtu wa kumbana na bila tukio lenye jina na tarehe kulizaa aibu ya wiki moja.

Mwaka 1963 Patey alirudia hoja hiyohiyo kwa kuitolea mfano London: alidai London Transport ina ofisi za kuandikisha watu Jamaica, inawalipia nauli, na kwa hiyo Wazungu wanaikimbia kazi ile. Hata taarifa zake hazikuwa sawa. London Transport ilianza kuandikisha watu Karibi mwaka 1956, lakini Barbados, na nauli ilikuwa mkopo wa serikali ya Barbados uliorudishwa kidogokidogo kutoka mshahara. Jamaica na Trinidad zilifuata mwaka 1966, miaka mitatu baada ya maneno yake. Mkuu wa shirika la mabasi alikuwa akibunia shirika jirani ili kutetea desturi ya kwake.

Kwa nini hawakwenda mahakamani

Watu hawa hawakuwa wageni kisheria. Sheria ya uraia ya 1948 iliwafanya waliozaliwa makoloni kuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake, wenye haki ya kuingia na kufanya kazi. Marekani ilipobana mlango wake mwaka 1952, wengi zaidi wa Karibi waligeukia Uingereza, iliyokuwa na njaa ya vibarua baada ya vita. Mlango huo nao ulianza kufungwa Julai 1962 kwa sheria ya vibali. Aliyekwisha kuingia alikuwa raia kamili, mpiga kura, mlipa kodi.

Lakini uraia haukumpa haki mbele ya mwajiri. Mfano uliotajwa sana ni wa Learie Constantine, mchezaji maarufu wa kriketi kutoka Trinidad. Mwaka 1943 hoteli ya Imperial jijini London ilikataa kumweka kwa sababu ya rangi yake. Alishtaki na mwaka 1944 akashinda, akapewa fidia ya gini tano, yaani pauni 5 na shilingi 5. Ukiisoma hukumu kwa makini, haikusema ubaguzi wa rangi ni kosa. Ilisimama juu ya wajibu wa kale wa mwenye nyumba ya wageni kumpokea msafiri mwenye uwezo wa kulipa. Mwenye kampuni hakuwa na wajibu wowote wa namna hiyo kwa mwomba kazi. Wakili wa Bristol mwaka 1963 angemshauri mteja wake mweusi abaki na pesa zake mfukoni.

Bungeni, Fenner Brockway wa chama cha Labour alikuwa akipeleka miswada ya kupiga marufuku ubaguzi tangu 1956, na kila mara inakwama. Kwa hiyo zilibaki njia mbili: kubembeleza, na kushinikiza.

Ushahidi uliotengenezwa kwa makusudi

Kubembeleza kulikuwa kumejaribiwa na chama cha Wakaribi wa mji, na wengine waliona kunakwenda mwendo wa kinyonga. Wanne kati yao, Roy Hackett, Owen Henry, Audley Evans na Prince Brown, walianzisha kundi jipya, Baraza la Maendeleo la Wakaribi. Kwa Hackett, Mjamaika aliyekuwa Uingereza tangu 1952, jambo lilikuwa la nyumbani: mkewe aliomba ukondakta mwaka 1962 na kukataliwa ingawa alikidhi masharti. Walikosa msemaji. Wakampata kwa Paul Stephenson, ofisa wa vijana aliyezaliwa Essex kwa baba wa Afrika Magharibi, aliyewahi kutumikia jeshi la anga la Uingereza. Stephenson alijua habari za Montgomery huko Alabama, Marekani, ambako weusi walisusia mabasi yaliyobagua abiria, na alijua pia kwamba bila ushahidi kampuni itasema ni mambo ya kuzuliwa.

Jaribio lao linastahili kutazamwa hatua kwa hatua, kwa sababu ndilo lililofunga mianya ambayo kampuni ilikuwa ikipenyea siku zote.

Kwanza, mwombaji. Alichaguliwa Guy Bailey, miaka 18, mfanyakazi wa ghala, aliyekuwa pia ofisa katika Boys' Brigade, chama cha vijana cha kikanisa chenye nidhamu ya kijeshi. Asingeweza kusemwa hana elimu wala hana adabu. Mwombaji wa namna hii ana kasoro yake: anaacha picha kwamba mweusi lazima awe bora kuliko kawaida ndipo dhuluma aliyofanyiwa ihesabike. Kwa jaribio, hata hivyo, ni lazima sababu nyingine zote ziondolewe ili ibaki moja.

Pili, nafasi. Kampuni ilikuwa ikitangaza kazi hadharani. Stephenson alipiga simu kuhakikisha nafasi zipo na kwamba sifa za kijana zinatosha. Lafudhi yake ilikuwa ya Kiingereza, na aliyepokea simu hakuwa na sababu ya kuuliza rangi. Miadi ya usaili ikawekwa. Hapa ndipo mtego ulipofungwa: kampuni ilikuwa imekubali, kwa mdomo wake, kwamba kazi ipo na kijana anafaa.

Tatu, ufunuo. Kampuni ilipojua kwamba Bailey ni Mkaribi, usaili ukafutwa. Katika masimulizi ya Bailey mwenyewe, alifika mapokezini. Karani akamwita meneja na kumwambia mtu wa miadi amefika, ila ni mweusi. Meneja akajibu aambiwe nafasi zimejaa. Bailey alipokumbusha kwamba tangazo lingali gazetini, alijibiwa wazi kwamba kampuni haiajiri weusi. Masimulizi mengine yanaweka simu ya Stephenson kabla ya tukio la mapokezini, lakini yanakutana mahali pamoja: kati ya kukubaliwa na kukataliwa, kitu kimoja tu kilibadilika.

Miaka minne baadaye watafiti wa PEP, taasisi ya utafiti ya Uingereza, walitumia mbinu ya ukoo huohuo nchi nzima, wakituma waombaji watatu wenye sifa zinazolingana: Mwingereza, Mhungaria mhamiaji, na Mkaribi. Mhungaria aliwekwa humo kwa hila nzuri. Kama tatizo lingekuwa ugeni au lafudhi, naye angekataliwa kama Mkaribi. Matokeo yalionyesha tofauti kubwa, na hoja kwamba ni suala la kuzoea desturi za nchi ikakosa miguu.

Aprili hadi Agosti

Tarehe 29 Aprili 1963 mgomo wa kususia mabasi ulitangazwa mbele ya waandishi wa habari, na kuanza siku iliyofuata. Tarehe 1 Mei wanafunzi wapatao 100 wa Chuo Kikuu cha Bristol waliandamana hadi kituo kikuu cha mabasi na ofisi za TGWU, wakizomewa na madereva na makondakta njiani. Hackett na wenzake walijipanga barabarani Fishponds Road kuzuia mabasi yasipite. Mwanasiasa wa Labour wa mji huo, Tony Benn, alisema hatapanda basi hata ikibidi atafute baiskeli. Kiongozi wa chama chake, Harold Wilson, alilaani ubaguzi huo kwenye mkutano wa hadhara wa Anti-Apartheid Movement, harakati za kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, jijini London.

Jukwaa hilo lina historia inayotugusa. Harakati hizo zilianza London tarehe 26 Juni 1959 kama kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, na mmoja wa wasemaji wa siku hiyo ya kwanza alikuwa Julius Nyerere, miaka miwili na nusu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kufikia 1963, basi, kumkemea kaburu kulikuwa jambo la heshima katika vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, TGWU ikiwamo. Bristol iliwashika pabaya. Chama kingelipingaje Pretoria huku tawi lake likifanya ya Pretoria kwenye basi la njia ya St Pauls?

Si kila aliyetarajiwa kusaidia alisaidia. Baraza la makanisa la Bristol lilitoa tamko la kusikitika kwamba kikundi kidogo cha Wakaribi, kinachojidai kuwakilisha wenzao, kimezusha mgogoro kwa makusudi. Timu ya kriketi ya West Indies, iliyokuja mwezi Mei kucheza na Gloucestershire palepale Bristol, ilikataa kuunga mkono waziwazi ikisema michezo na siasa visichanganywe. Maandamano ya Wakaribi wenyewe kwenda kanisa la St Mary Redcliffe yalihudhuriwa na watu wachache. Hilo lisiwashangaze wanaojua maisha ya mhamiaji: mwenye kazi kiwandani kwa kibali cha msimamizi Mzungu, na chumba kwa hisani ya mwenye nyumba, hupima mara mbili kabla ya kupigwa picha na magazeti. Wengi walisusia basi kimyakimya na maandamano wakayaacha.

Chama kilijaribu mbinu ya zamani ya kutenganisha wema na wakorofi. Katibu wa TGWU wa kanda, Ron Nethercott, alimpata mwanachama mmoja mweusi atie saini tamko la kutaka mazungumzo ya utulivu bila makelele, kisha akamshambulia Stephenson gazetini, akimwita asiye mwaminifu na asiyewajibika. Mbinu hiyo ilimrudi. Sheria isiyomlinda mweusi dhidi ya kunyimwa kazi ilimlinda, kama mtu mwingine yeyote, dhidi ya kuchafuliwa jina. Stephenson alishtaki, na Desemba 1963 Mahakama Kuu ikampa fidia ya pauni 500 na gharama za kesi. Linganisha na gini tano za Constantine.

Kilichoibana kampuni

Bristol Omnibus Company haikuwa mali ya mtu binafsi. Ilitaifishwa mwaka 1950, na kuanzia 1963 ilikuwa chini ya Transport Holding Company, shirika la umma lenye makao London. Meneja wa kampuni binafsi angeweza kusema biashara ni yangu, naajiri nimtakaye. Patey alikuwa na bosi, bosi alikuwa na waziri, na waziri alikuwa na Bunge. Uamuzi wa Bristol ulipopanda ngazi hizo ulimkera kila aliyeupokea.

Aliyeupandisha ni Constantine yuleyule wa gini tano. Mwaka 1963 alikuwa Balozi wa Trinidad na Tobago jijini London. Aliiandikia kampuni, akazungumza na magazeti, akakutana na Frank Cousins, mkuu wa TGWU kitaifa, na kuisukuma Transport Holding Company itume wakubwa wake wakazungumze na chama. Mwenyekiti wa shirika alimhakikishia kwamba ubaguzi si sera yao. Maneno hayo yalimwacha Patey peke yake uwanjani.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Jamaica ilipata uhuru Agosti 6, 1962, na Trinidad na Tobago Agosti 31 mwaka huohuo. Azimio la 1955 lilipopitishwa, Mkaribi aliyedhulumiwa Bristol hakuwa na serikali ya kumsemea isipokuwa hiyohiyo ya Uingereza. Mwaka 1963 alikuwa na balozi mwenye bendera, ambaye wakubwa wa London walilazimika kupokea simu yake. Miezi minane ya uhuru iliingia moja kwa moja kwenye ugomvi wa kazi ya kukata tiketi. Constantine mwenyewe hakubaki ubalozini muda mrefu; aliondoka mwaka 1964, na kujitosa kwake katika suala la Bristol kulichangia kutoelewana na serikali yake.

Kwa hiyo mgomo ulifanya kazi kama kengele. Uliwapa waandishi habari ya kila siku yenye tarehe, sura na kijana mwenye jina. Ukaifanya kampuni na chama washindwe kurushiana mpira gizani. Ukawalazimisha wenye mamlaka juu ya wote wawili watamke msimamo. Kama kampuni ingekuwa ya binafsi na Trinidad ingali koloni, watu 3,000 wangetembea kwa miguu mpaka viatu viishe.

Mazungumzo yaliendelea majira yote ya joto. Tarehe 27 Agosti wafanyakazi wa mabasi wapatao 500 walikutana na kupiga kura ya kuondoa ubaguzi. Kesho yake, Agosti 28, Patey alitangaza kwamba kampuni haitabagua tena. Ilitokea kuwa siku ileile Martin Luther King alipohutubia Washington. Magazeti ya dunia yaliona moja na kuikosa nyingine. Septemba 17 alianza kazi kondakta wa kwanza asiye Mzungu, Raghbir Singh, Kalasinga, wala si Mkaribi. Siku chache baadaye waliingia Wajamaika wawili na Wapakistani wawili. TGWU ilikwisha kuunganishwa katika chama cha Unite pale kilipoomba radhi rasmi, Februari 2013, miaka hamsini baadaye.

Sheria ilivyokuja, na mianya iliyoacha

Ni kawaida kuambiwa kwamba Bristol ilizaa sheria ya 1965 ya uhusiano wa rangi. Ilichangia, Wilson alipokuwa waziri mkuu Oktoba 1964 hakuweza kujidai hajui. Lakini angalia sheria hiyo ilisema nini. Ilipiga marufuku ubaguzi katika mahali pa umma: hoteli, migahawa, sinema, vyombo vya usafiri. Ajira haikuguswa, na nyumba ziliguswa kidogo tu. Kwa lugha ya kisa chetu, ilimhakikishia mweusi haki ya kupanda basi, haki ambayo Bristol hakuwahi kunyimwa, na ikamwacha alipokuwa kuhusu haki ya kuliendesha.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1966 Asquith Xavier, mfanyakazi wa reli kutoka Dominica, aliomba kuhamia kituo cha Euston, London, kuwa gadi. Barua ikamjibu hapana. Ilikuwa desturi ya Euston, iliyokubaliwa kati ya wafanyakazi na uongozi wa pale, kutochukua weusi kwa kazi hiyo. Ramani ni ileile ya Bristol: shirika la umma, makubaliano ya chini kwa chini, kila upande ukiunyooshea mwingine kidole. Na dawa ikawa ileile: habari ikavuja, waziri wa uchukuzi Barbara Castle akaingilia, na Agosti 15, 1966 Xavier akaanza kazi, huku akipata barua za vitisho. Hakutumia kifungu chochote cha sheria ya 1965, maana hakikuwepo cha kutumia.

Ajira na nyumba ziliingizwa mwaka 1968, baada ya ripoti ya PEP. Hata hivyo sheria ya 1968 ilikuwa na kifungu kilichomruhusu mwajiri kubagua ili kulinda uwiano wa rangi mahali pa kazi. Yule wa Wolverhampton wa 1955 aliyedai asilimia 5 angekipokea kwa mikono miwili. Pia aliyebaguliwa hakuweza kwenda mahakamani mwenyewe. Malalamiko yalipitia Bodi ya Uhusiano wa Rangi, na Bodi hiyo ilipaswa kujaribu kusuluhisha kwanza.

Mwaka huohuo, serikali ileile ilipitisha kwa siku tatu Bungeni sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza wasiingie nchini isipokuwa wao, mzazi au babu yao awe amezaliwa au kupewa uraia Uingereza kwenyewe. Ilianza kutumika Machi 1. Msafiri kutoka Nairobi mwenye babu wa Kiskoti alipita. Mwenye babu wa Gujarat, akiwa na pasi ya rangi ileile na nembo ileile, alirudishwa au kuwekwa kwenye foleni ya vibali. Mlango mmoja ulifunguliwa kazini na mwingine ukafungwa uwanja wa ndege, na wanasiasa waliopitisha sheria zote mbili walisema wazi kwamba wanaziona ni jozi.

Sheria ya 1976 ndiyo iliyoziba mianya mikubwa. Ilifuta kifungu cha uwiano. Iliongeza ubaguzi usio wa moja kwa moja, yaani sharti linaloonekana la haki kwa wote lakini linawakata watu wa kundi fulani bila sababu ya msingi ya kikazi. Na ilimpa mtu haki ya kufungua shauri mwenyewe mbele ya baraza la kazi, ndani ya miezi 3 tangu atendewe kosa. Kabla ya kufungua, angeweza kumtumia mwajiri fomu ya maswali: nafasi zilikuwa ngapi, nani aliajiriwa, kwa nini mimi sikuitwa. Mwajiri akikataa kujibu bila udhuru wa maana, au akijibu kwa kukwepakwepa, baraza liliruhusiwa kulihesabu hilo dhidi yake. Kazi ambayo Stephenson aliifanya kwa simu na kwa ujanja sasa ilikuwa na karatasi yake ya serikali.